Seven Turns: Allman Brothers walivyorudiana mara ya pili

Kila mara bendi ya wazee ikirudiana watu huuliza swali moja tu, bado wako na ule moto wa zamani ama wamekwisha? Mimi naona hilo swali halitufikishi popote. Langu ni lingine. Yule aliyekufa, kiti chake amekalia nani, na huyo aliyekalia amekubaliwa kupiga yake ama ameambiwa apige ya marehemu? Nijibu hiyo na nitakuambia kama albamu itadumu ama itasikizwa wiki mbili halafu isahaulike. Na mfano wangu wa kwanza siku zote ni Seven Turns ya Allman Brothers Band, ilitoka mwezi wa saba 1990, na najua wengi hapa Kisumu hamjawahi kuisikia kabisa, ndio maana nimeamua kuandika.

Kwa wale hamuwajui, hii ni bendi ya 1969, ilianzia Jacksonville, Florida, halafu wakahamia Macon, Georgia, na hapo ndipo pakawa nyumbani. Walikuwa sita. Duane Allman kwa gita, mdogo wake Gregg kwa sauti na kile kinanda kizito cha Hammond, Dickey Betts gita la pili, Berry Oakley besi, na wapiga dramu wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Ndio, dramu seti mbili kwa wakati mmoja, na hawagongani. Trucks anashikilia mdundo, Jaimoe anauzunguka, anaweka vitu pale ambapo hukutarajia, juu roho yake ilikuwa kwa jazz, na kabla ya hapo alikuwa amempigia Otis Redding. Na kumbuka Jaimoe ni mtu mweusi, wenzake ni wazungu, na hii ni kusini ya Marekani mwaka mmoja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Kuishi pamoja na kusafiri kwa gari moja wakati huo haikuwa kitu kidogo, na nikisikiza rekodi zao za kwanza nasikia watu waliochaguana.

Machi 1971 walirekodi shoo zao za Fillmore East, New York, ikatoka albamu ya santuri mbili ambayo mpaka leo watu wakihesabu albamu bora za laivu za roki haikosi kutajwa. Halafu tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Duane akafa kwa ajali ya pikipiki hapo Macon, na miaka 24. Mwaka mmoja na wiki mbili hivi zikapita, 11 Novemba 1972, Oakley naye, pikipiki, Macon hapo hapo, mitaa michache kutoka mahali Duane alianguka. Miaka 24 pia. Mji kama wetu, wenye karibu kila familia imeuguza mtu wa boda, hauhitaji kuelezwa hiyo ni nini.

Sasa angalia walifanya nini na kiti cha Duane. Mwanzoni hawakukipa mtu. Walichukua mpiga piano, Chuck Leavell, kijana mdogo wa miaka ishirini, na gita likabaki la Betts peke yake. Albamu ya 1973, Brothers and Sisters, ikafika namba moja Marekani na ule wimbo wa Betts wenye ladha ya country, Ramblin' Man, ukafika namba mbili. (Watu wa Nakuru na country yenu, huo ndio wimbo wa kuanza nao.) Yaani badala ya kutafuta Duane mwingine walibadilisha umbo la bendi, piano ikaingia pale gita lilikuwa linajibu gita, na ikakubali.

Baadaye pesa na dawa za kulevya zikawamaliza. 1976 Gregg akatoa ushahidi kortini dhidi ya mtu aliyekuwa meneja wao wa safari, kesi ya dawa, jamaa akafungwa, na wenzake wakaapa hawatasimama tena steji moja na Gregg. Bendi ikavunjika hapo.

Lakini unajua vile watu husema hawatarudi. 1979 wakarudi, na hii mara ya kwanza ndio watu husahau, albamu ikaitwa Enlightened Rogues. Mtayarishaji alikuwa Tom Dowd, mzee aliyetengeneza ile ya Fillmore, na studio ilikuwa Criteria ya Miami. Kiti cha Duane wakampa Dan Toler, waliyemtoa kwa bendi ya Betts mwenyewe, na mpiga besi pia alitoka huko huko. Toler alikuwa mzuri, sina ubaya naye hata kidogo, na albamu iliuza vizuri tu. Shida ni kwamba ukisikiza unasikia mtu anayeziba pengo, magita mawili yamerudi juu watu walizoea mawili, na kila akifungua mdomo kwa gita ni kama anaangalia nyuma kuona kama ameruhusiwa. Halafu lebo yao ikafilisika, wakahamia nyingine iliyotaka vibao vya redio, albamu mbili za 1980 na 1981 zikatoka nyepesi nyepesi hivi, sauti ya miaka ya themanini imepakwa juu, na mbaya kuliko yote Jaimoe akatolewa. Jaimoe! Aliyekuwa hapo kabla hata ya Gregg kufika. 1982 ikavunjika tena na wengi wakasema sasa imezikwa.

Naeleza haya yote kwa sababu ya kitu kimoja. Seven Turns ya 1990 ilirekodiwa na nani? Tom Dowd. Wapi? Criteria, Miami. Mtayarishaji yule yule, studio ile ile, waimbaji wale wale, na miaka kumi na moja zaidi kwa mwili. Kama siri ingekuwa mtayarishaji ama studio basi ile ya 1979 ingekuwa ndio bora. Jaimoe naye alikuwepo 1979, alitolewa baadaye tu, na sasa alirudishwa. Kilichobadilika zaidi ni kwamba kiti cha gita kilipewa Warren Haynes.

Haynes ni mtu wa Asheville, North Carolina, amezaliwa 1960, kwa hivyo Duane akifa yeye alikuwa mtoto wa shule anayesikiza hizo santuri nyumbani. Naye pia alitokea kwa bendi ya Betts, kwa hivyo usiniambie tofauti ni mahali alitoka. 1989 ilikuwa miaka ishirini tangu bendi ianze, kampuni ikatoa mkusanyiko mkubwa wa nyimbo zao za zamani, blues ilikuwa imerudi redioni kwa ajili ya watu kama Stevie Ray Vaughan na Robert Cray, na wazee wakaona wajaribu ziara moja. Wakaja na Haynes, na Allen Woody kwa besi, na Johnny Neel, kipofu anayepiga kinanda na harmonika kama mtu aliyetumwa. Ziara ikaenda vizuri, mwaka uliofuata wakaingia studio.

Na wimbo wa kwanza wa albamu, Good Clean Fun, wanakuambia mapema. Mdundo unaingia, slaidi inaingia, na ni slaidi ya Haynes. Hapa lazima nieleze kidogo kwa wale hawapigi gita. Slaidi hukandamizi waya kwa kidole, unavaa kitu kigumu kidoleni, chuma ama glasi, unakiteleza juu ya waya na sauti inateleza nayo, inalia, inapanda bila ngazi, karibu na sauti ya mtu. Duane alitumia kichupa cha glasi cha dawa ya homa, Coricidin, na mara nyingi alityuni waya zote zitoe kodi (chord) moja ya E ndio ateleze vizuri. Haynes yeye huacha gita kwa tyuni ya kawaida. Hiyo peke yake inatosha kubadilisha kila kitu, njia za vidole ni zingine, noti zinazokuja kwa urahisi ni zingine, hata akitaka kumwiga Duane mkono wake unampeleka mahali pengine. Na sauti yake ni nene zaidi, nzito, inakuja polepole na inakaa. Hakuna anayejua hizi rekodi vizuri anayeweza kusikia hiyo slaidi akadhani ni marehemu. Na wazee wakaiweka mwanzo kabisa wa albamu ya kurudiana! Ule wimbo ukafika namba moja kwa chati ya redio za roki huko Marekani.

(Tukiongea chupa, sisi watu wa upande huu tunajua chupa ikiingia kwa muziki. Waluhya wa omutibo, ule mtindo wao wa gita, George Mukabi na wenzake, waliweka chupa ya Fanta hapo kando ya gita la kidole, ile yenye mistari, ikikwaruzwa na kugongwa ndio inashika mdundo. Nchi mbili tofauti kabisa, mtu hana hela ya vifaa, anaangalia mezani kuna nini. Mukabi alikufa 1963 na mpaka leo hiyo chupa bado inalia Butere na Khwisero.)

Niliipeleka hii albamu kwa anko wangu. Alipiga ridhimu miaka mingi kwa bendi ya benga upande wa Ahero, vidole sasa vimeanza kukaza lakini masikio yako sawa kuliko yangu. Mtu wa benga hasikizi kama wewe na mimi. Kwa benga mwimbaji anaimba, anasifu watu wake, akimaliza ananyamaza, halafu solo na ridhimu na besi zinachukua wimbo na hapo ndipo uwanja unaamka, hiyo sehemu wenyewe wanaiita klaimaksi. Kwa hivyo anko alikuwa anangoja Gregg anyamaze. Nyimbo mbili tatu za kwanza hakusema kitu. Ikafika True Gravity, ambayo haina mwimbaji kabisa, Betts na Haynes ndio waliitunga, na hapo akasogeza kiti karibu na spika. Magita mawili yanaanza na melodi moja, moja liko juu kidogo ya lingine, yanakimbia sambamba, halafu yanaachana, Betts anaenda zake, safi, mviringo, kila noti imepigwa pasi, kisha Haynes anaingia na vumbi na kelele, na chini yao dramu mbili zinabadilisha mwendo bila kutangaza. Anko akasema, "Okewo (mpwa wangu), huyu mdogo hapigi ya mwenye alikufa. Na mkubwa hamzuii." Sikuwa nimemwambia habari ya Duane. Nilikuwa nimemwambia tu ni bendi ya zamani iliyorudiana, na kwamba mmoja alikufa, sikumwambia hata ni wa chombo gani.

Hiyo ndio kitu nataka mtu aisikie. Betts angeweza kumfinya. Yeye ndiye alikuwa amebaki na jina la gita kwa hiyo bendi, ameshika hiyo nafasi karibu miaka ishirini, na bendi ngapi hapa kwetu zimekufa juu mpiga solo mkubwa hataki kijana asikike, unaona kijana ana kitu mkononi lakini voliumu yake imeshushwa kwa mikisa. Hapa Betts amegawana. Amegawana hata uandishi. Ule wimbo ninaoupenda kuliko yote kwa hii albamu, Gambler's Roll, si wa mzee yeyote wa bendi, ni wa Haynes na Neel, wageni wawili, halafu wakampa Gregg auimbe.

Na Gregg anauimba, yaani sijui niseme nini. Ni blues ya polepole. Alikuwa na miaka 42 wakati huo na sauti yake tangu kijana ilikuwa ya mtu mzima, akiwa na miaka ishirini na kitu alikuwa anaimba kama amezika watu wengi, na miaka iliyofuata ikahakikisha amewazika kweli. Kwa hiyo 1990 sauti na mtu wamekutana hatimaye. Hapigi kelele. Anakaa nyuma ya mdundo kidogo, Hammond inanguruma chini, na kila akimaliza mstari Haynes anamjibu kwa gita, na hilo jibu halimfukuzi, linamngoja. Wimbo umeandikwa na mtu wa miaka thelathini kwa mdomo wa mtu aliyepoteza kaka, akapoteza rafiki, akapoteza bendi mara mbili. Kijana aliyesikiza santuri zao utotoni ndiye alijua mzee anahitaji kuimba nini. Hiyo nikiifikiria inanigusa kila mara.

Wimbo wenye jina la albamu ni wa sita. Ni wa Betts, wazo alilitoa kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kuhusu njia panda za maisha ya mtu, na una ile ladha yake ya country, mwepesi, wa barabarani, sauti zikijibizana kuelekea mwisho na Gregg akiwa moja yao. Yule Gregg ambaye 1976 waliapa. Sitaongeza kitu hapo, usikize mwenyewe.

Si kila kitu ni dhahabu. Katikati kuna bugi mbili hivi za kawaida ambazo bendi yoyote nzuri ya kusini ingeweza kutoa, zinapita tu, na dramu zimerekodiwa kwa ule ukubwa wa wakati huo, mwangwi mwingi, mimi ningependa kusikia ngozi ya ngoma ya Jaimoe karibu zaidi. Ni nyimbo tisa tu lakini, haikuchoshi, na haina hata moja ambayo imewekwa kwa ajili ya kulia marehemu. Hilo nalo nililipenda sana. Albamu za kurudiana hupenda wimbo wa kumbukumbu na picha za zamani ndani ya jalada. Hawa walikumbuka kwa kupiga.

Na ilidumu. Bendi iliendelea karibu miaka ishirini na tano baada ya hiyo, wakajaza Beacon Theatre ya New York mwaka baada ya mwaka, zaidi ya shoo 200 pale ukijumlisha. Si kwa amani wakati wote. Betts mwenyewe alitolewa 2000, kwa njia ambayo mimi bado naona ilikuwa chungu kwa mtu aliyefanya aliyofanya, na Allen Woody akafa mwaka huo huo. Lakini tabia ya kupeana kiti ilishaingia. Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, aliingia 1999 akiwa na miaka 20, na naye hakuambiwa apige ya Duane, alikuja na slaidi yake iliyokula muziki wa Wahindi na jazz na nyimbo za kanisa. Ile albamu yao ya mwisho ya studio, Hittin' the Note ya 2003, ni Haynes na Derek, na kama Seven Turns ikikuingia basi nenda hapo moja kwa moja. Walifunga 28 Oktoba 2014. Butch na Gregg wote walikufa 2017, Betts akafuata Aprili 2024.

Sasa sababu hasa ya kuandika wiki hii na si mwezi ujao. Ile bendi ya anko, waliobaki, wanataka kurekodi tena. Wako wanne wazima, na mpiga solo wao alishaenda zamani. Kuna kijana wamempata, ana mkono, nimemsikia, na amekariri solo zote za yule marehemu noti kwa noti kutoka kwa kanda, hata yale makosa madogo ameyaweka. Wazee wanafurahi sana, mmoja alitokwa na machozi mazoezini, na mimi sitamlaumu mtu anayelia kwa kusikia rafiki yake. Zile nyimbo za zamani acha azipige hivyo hivyo kwa shoo za kijijini, watu watazitaka na wana haki. Lakini hiyo albamu mpya iwe na nyimbo mpya, na kwa hizo nyimbo mpya klaimaksi iachiwe kijana kabisa, asipewe kanda, asiambiwe "hapa marehemu angefanya hivi". Na aandike. Hata mbili tu, mzee aimbe.

Nilimwambia anko hivyo nikiwa kwake Ahero, hakubishana wala hakukubali, alisema ni kitu cha kuongea na wenzake, na kwamba yule wa besi ndiye atakuwa mgumu. Jana usiku amenitumia sauti kwa WhatsApp, anataka True Gravity apelekee kijana. Nimemtumia, na nikaongeza Gambler's Roll, ya wazee.